Hewa ya Mombasa ni Nzito: Funzo la Pistoni Iliyotoboka

Juu ya meza ninayoandikia makala haya pana pistoni ya gari iliyotoboka. Ni kipande cha aluminiamu kinachoenea kiganjani, chenye umbo la kikombe kilichofudikizwa, na karibu na ukingo wake pana tundu ambalo kidole huweza kupita. Nimeiomba kwa mpwa wangu baada ya injini yake kufa, nami nimeiweka hapa ili inikumbushe kosa langu mwenyewe. Kosa hilo nitalieleza bila kuficha, kwa kuwa naamini si langu peke yangu. Ni kosa letu sote tunaosimama mbele ya ubao mweusi kila asubuhi na chaki mkononi.

Mpwa wangu ni kijana wa Kibokoni, aliyezaliwa na kulelewa katika vichochoro vya Mji wa Kale. Kwa miaka minne alifanya kazi katika bandari ya Kilindini akidunduliza mshahara wake. Kila siku aliyaona magari yaliyotumika yakishushwa melini kutoka Japani, mengine yakiwa na turbo, naye akaingiwa na hamu ambayo vijana wengi wa mji huu wanaijua. Hatimaye alinunua gari la namna hiyo, ila hakulitoa bandarini. Alilifuata Nairobi kwa sababu lilikuwa limekwisha “kufanyiwa kazi.” Mwenyewe wa awali alikuwa ameondoa chujio la hewa la kiwandani akaweka la wazi, amebadilisha ekzosi ikawa pana, ameongeza kwa mkono kiasi cha hewa inayoshindiliwa na turbo, kisha kompyuta ya injini ikapangwa upya huko huko Nairobi ili iafikiane na mabadiliko hayo. Kijana akaliteremsha hadi pwani, mwendo wa kilomita zipatazo 480.

Siku ya kuwasili aliliegesha karibu na Ngome ya Yesu, maana njia ya kwao haipitishi hata mkokoteni kwa raha. Vijana walilizunguka. Nilikuwa natoka msikitini baada ya swala ya alasiri, nikaitwa. “Mjomba,” aliniambia kwa furaha, “tangu nilipoipita Mariakani naona gari limezidi nguvu. Kule Nairobi halikuwa hivi.” Alikuwapo pia fundi mmoja wa makamo, mtu anayeheshimika sana kwa kazi yake ya malori ya dizeli. Aliinama akatazama mdomo wa ekzosi, akamwomba kijana akanyage mafuta, kisha akainuka. “Halina moshi mweusi,” alisema. “Injini nzima hii, Mwalimu.”

Nami nilitikisa kichwa kukubali. Nimefundisha kemia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa na kila nilichohitaji ili kuuliza swali moja la maana, na sikuliuliza. Wiki tatu baadaye, usiku, mpwa wangu alikanyaga mafuta yote alipokuwa akipanda Daraja la Nyali. Akasikia mlio mkali kama wa kokoto ndani ya kopo, kisha nguvu zikakatika na moshi wa samawati ukatanda nyuma yake. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Lakini akiba ya miaka minne iliishia pale darajani.

Swali ambalo sikuliuliza ni hili: hewa inayoingia katika injini ile ni kiasi gani, na petroli inayoifuata ni kiasi gani?

Petroli haiungui peke yake. Huungua kwa kuungana na oksijeni, na oksijeni hiyo huletwa na hewa. Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma habari za moli anaweza kuifanya hesabu yake kwenye karatasi. Na tuchukue isooktani, mojawapo ya haidrokaboni zinazofanana na petroli, ambayo molekuli yake ina atomi 8 za kaboni na 18 za haidrojeni. Moli moja ya isooktani ina uzito wa gramu 114. Ili kaboni yote igeuke kaboni dayoksaidi na haidrojeni yote igeuke maji, huhitajika moli 12 na nusu za oksijeni, yaani gramu 400. Oksijeni ni kama asilimia 23 ya hewa kwa uzito. Kwa hiyo hewa inayohitajika ni gramu 1,720 hivi. Gawanya kwa 114, utapata takriban 15. Kwa kuwa petroli ya kituoni ni mkusanyiko wa haidrokaboni nyingi, baadhi zikiwa na haidrojeni kidogo kuliko isooktani, namba inayotumiwa ni 14.7. Maana yake ni kwamba kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili viungue vyote viishe, pasibaki petroli wala oksijeni.

Huenda msomaji akaona kilo za hewa ni jambo la ajabu, kwa sababu tumezoea kuidhani hewa kuwa si kitu. Basi na afikiri hivi: lita moja tu ya petroli huhitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa, yaani hewa ya kujaza chumba kidogo cha kulala. Injini ya gari, kwa hakika, ni pampu ya hewa. Petroli ni kitoweo tu.

Namba ikishuka chini ya 14.7, petroli imezidi, na mchanganyiko tutauita mzito. Ikipanda juu yake, petroli imepungua, na mchanganyiko tutauita mwepesi. Jambo hili si geni kwetu. Mwanafunzi aliyewahi kuwasha kichomeo cha Bunsen katika maabara anajua kwamba tundu la hewa likizibwa mwali huwa wa manjano, hutikisika na kupaka masizi. Likifunguliwa, mwali huwa wa buluu, mkali na wenye joto jingi. Mama zetu nao, bila kuingia maabara, walijua kwamba jiko la mafuta ya taa linalotoa mwali wa manjano litaitia sufuria weusi na kuchelewesha chakula. Kanuni ni moja jikoni, darasani na garini.

Lakini injini yenye turbo ina sharti la ziada, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka injinini kwa kasi. Ya pili, kwa kuwa imeunganishwa nayo, huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Injini ya lita 2 isiyo na turbo, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta lita zipatazo 6,000 za hewa katika dakika hiyo, na kwa hali ya hewa ya Mombasa hizo ni kilo 7 hivi. Turbo ikizidisha shinikizo mara mbili, na hewa ikapoozwa vizuri, kilo hizo hukaribia 14. Kilo 14 za hewa haziwezi kuridhika na petroli ya kilo 7. Anayeongeza hewa asiongeze petroli ni sawa na mpishi aliyealikiwa wageni mara mbili, akatandika mikeka zaidi, lakini akasahau kuongeza mchele.

Isitoshe, hewa inaposhindiliwa hupata moto. Kila aliyewahi kuijaza tairi ya baiskeli kwa pampu ya mkono amelihisi joto hilo. Hewa ya Mombasa yenye joto la digrii 30, ikizidishwa shinikizo mara mbili na turbo ya kawaida, huweza kupita digrii 120 kabla ya kufika kwenye kipoozi ambacho mafundi hukiita intakula. Hewa iliyoshindiliwa na yenye joto hivyo inapochanganyika na petroli, sehemu ya mchanganyiko ndani ya silinda huweza kulipuka yenyewe pembeni kabla mwali wa plagi haujaifikia. Mlio wake ndio ule wa kokoto ndani ya kopo, mafundi husema injini “inagonga.” Pistoni ya aluminiamu huyeyuka kwenye digrii 660 hivi, ilhali gesi zinazoungua juu yake hupita digrii 2,000. Inanusurika kwa sababu utando mwembamba wa gesi isiyo na moto mkali huifunika, na kwa sababu joto linaloifikia huondolewa haraka kupitia ringi na oili. Mlipuko wa kugonga huupasua utando huo. Sekunde chache zinatosha.

Kwa sababu hiyo, injini ya turbo inapokanyagwa kwa nguvu haipewi 14.7. Hupewa petroli ya ziada, hata namba ikashuka hadi baina ya 11 na 12. Petroli hiyo ya ziada haiungui yote. Kazi yake kubwa ni kugeuka mvuke na kupooza mchanganyiko, kama vile maji ya mtungi yanavyopozwa na unyevu unaokauka juu ya udongo wake. Gari linapotembea polepole mjini, turbo ikiwa haishindilii, namba hurudi 14.7. Kwa hiyo hakuna namba moja iliyo sahihi wakati wote. Kila hali ina kipimo chake, na kulirekebisha gari ni kuhakikisha kwamba kila hali imepata haki yake.

Sasa na turudi kwenye gari la mpwa wangu, tuone kwa nini lilizidi nguvu baada ya Mariakani.

Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,700. Huko shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya shinikizo la hapa kisiwani. Lita moja ya hewa ya Mombasa, kwenye joto la digrii 30, ina uzito wa gramu 1.16 hivi, lita moja ya hewa ya Nairobi, hata kwenye ubaridi wa digrii 20, haifiki gramu moja. Kadiri gari linavyoteremka kutoka nyanda za juu kuja pwani, kila mvuto wa injini huleta hewa nzito zaidi. Kijana hakukosea aliposema gari limezidi nguvu. Hewa ya kwao ilikuwa imelizidishia chakula.

Hata hivyo, chakula hicho kilihitaji kitoweo chake. Kompyuta ya gari la kisasa hupima hewa inayoingia na kuongeza petroli kwa kadiri yake, lakini haiwezi kuvuka uwezo wa vyombo vilivyopo. Injini ilipofunguliwa na fundi mwingine, ilionekana kwamba injekta zilikuwa zile zile ndogo za kiwandani, na pampu ya petroli ilikuwa imechoka. Kule Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, vyombo hivyo vilikuwa vimefikia kikomo. Vilitosha, lakini kwa taabu. Huku pwani hewa iliongezeka, navyo havikuwa na cha kuongeza. Ikiwa gari lilitoka Nairobi likiwa na 11.5, hewa ikazidi kwa asilimia 8 tu na petroli ikabaki pale pale, namba hupanda hadi 12.4. Tia joto la pwani, tia pampu iliyochoka, namba huzidi hapo. Chujio la wazi nalo huweza kukidanganya kipimo cha hewa kwa kubadilisha namna hewa inavyopita mbele yake, kompyuta ikadhani hewa ni chache kuliko ilivyo. Tena petroli ya kawaida ya vituo vyetu haina oktani 100 kama ile inayouzwa Japani kwa magari ya namna hii, kwa hiyo hugonga mapema zaidi. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa siri. Ila hakuna aliyepima.

Na yule fundi wa dizeli? Msomaji asije akamdharau. Alitoa hukumu iliyo sahihi kabisa, lakini kwa injini nyingine. Injini ya dizeli huvuta hewa nyingi kuliko inavyohitaji karibu wakati wote, na nguvu zake huongezwa kwa kuongeza mafuta. Mafuta yakizidi, joto hupanda na moshi mweusi hutoka. Kwa hiyo katika dizeli moshi mweusi ni dalili ya hatari, na ukosefu wake ni dalili ya afya. Katika petroli yenye turbo mambo hupinduka: mchanganyiko mzito hupooza, na ule unaoanza kuwa mwepesi ndio unaochoma. Ekzosi safi isiyo na moshi, ambayo kwa lori la dizeli ni cheti cha uzima, yaweza kuwa ukimya unaotangulia msiba. Fundi huyu alitumia elimu aliyoipata kwa mikono yake katika miaka mingi. Aliyekuwa na elimu ya kuikamilisha ile yake alikuwa amesimama kando yake, akitikisa kichwa.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya wenye mitambo mikubwa ya Ulaya. La hasha. Nchi hii imeyaishi kwa miongo mingi kupitia mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa gari la Toyota Celica lenye turbo. Gari la aina hiyo likashinda tena 1985 kwa mikono ya Juha Kankkunen na 1986 kwa mikono ya Waldegård. Mwaka 1994 Mkenya mwenzetu Ian Duncan alishinda kwa Celica ya turbo. Mashindano ya zama hizo yalipita katika nchi ya miinuko mikubwa na joto kali, na injini isiyojua kubadilisha kipimo chake kutoka hewa nyepesi hadi hewa nzito haikufika mbali. Hata leo, tangu Safari irejee katika mashindano ya dunia 2021, vijana wetu huyatazama magari yale yakipita Naivasha na kushangilia mwendo wake. Ni wangapi kati yetu waliowaambia kwamba nyuma ya mwendo ule kuna hesabu ya moli?

Vyombo vya kupimia navyo vipo. Ndani ya ekzosi huwekwa kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita sensa. Kilianza kutumika katika magari ya Volvo katika miaka ya 1970, kikiwa kimetengenezwa na kampuni ya Bosch. Kihisi cha kawaida hutoa umeme mdogo: karibu volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito, na karibu volti 0.1 ukiwa mwepesi. Hicho hujua tu upande gani wa 14.7 tumesimama, hakijui umbali. Aina ya pili, iliyokuja baadaye, husoma namba yenyewe, iwe 11 au 13 au 16, na kuionyesha mbele ya dereva. Anayerekebisha injini ya turbo bila chombo hiki cha pili ni kama nahodha anayeingia mlango wa bandari usiku bila taa; huenda akafika, lakini asiwahimize wengine wamfuate.

Kwa muda mrefu vihisi hivi havikuweza kudumu nchini, kwa kuwa petroli yetu ilitiwa risasi, na madini hayo huviua, na pia huua chombo cha kusafishia moshi kilichomo katika ekzosi. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa nchini kufikia mwanzo wa 2006, na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichokuwa kikituletea petroli hiyo kutoka ng’ambo tu ya kisiwa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Hivyo udhuru huo umekwisha.

Nimetaja chombo cha kusafishia moshi, nami sina budi kugusa jambo linalowahusu hata wasio na gari. Chombo hicho hufanya kazi vizuri pale tu namba inapokaa karibu sana na 14.7. Mchanganyiko unapokuwa mzito mno, kaboni haipati oksijeni ya kutosha, na badala ya kaboni dayoksaidi hutoka kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu na kuinyima oksijeni. Vijana wengi wanaobadilisha magari hukiondoa chombo hicho ili ekzosi ipumue na ingurume. Wakubwa wetu waliojenga Mji wa Kale waliacha njia nyembamba ili kivuli kipatikane na upepo wa bahari upenye. Hawakuzijenga kwa ajili ya moshi. Gari lililorekebishwa vibaya, likisimama likinguruma chini ya madirisha ya nyumba hizo, humpa mtoto aliyelala ghorofani hewa ambayo hakuiomba. Kipimo sahihi, kwa hivyo, ni haki ya jirani kama kilivyo haki ya injini.

Basi kasoro iko wapi? Kwa maoni yangu, imo katika ukuta tulioujenga kati ya darasa na gereji. Tumewafundisha watoto kwamba kemia ni somo la mtihani, na gereji ni mahali pa walioshindwa mtihani. Mwanafunzi hukokotoa moli za oksijeni akapata alama zote, kisha akatoka nje ya lango la shule asijue kwamba jibu lake linanguruma barabarani. Fundi naye hupokea ujuzi kwa macho na masikio, akaufikisha mbali sana, lakini injini za leo zimefika mahali ambapo sikio halifiki. Sikio haliwezi kutofautisha 11.5 na 12.5, ilhali tofauti hiyo ndiyo uhai wa pistoni.

Mji huu hauna sababu ya kubaki hivyo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kina historia ndefu ya ufundi: watu wa rika la wazee wangu walikijua kwa jina la MIOME, baadaye kikawa politekniki, na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa 2017 nao unadai kwamba mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya, si anachokumbuka tu. Kwa nini basi mwalimu wa kemia asiwapeleke wanafunzi wake gerejini kwa asubuhi moja, wakatazame plagi zilizotolewa katika injini mbalimbali? Plagi yenye masizi meusi makavu, plagi ya rangi ya hudhurungi hafifu, na plagi nyeupe iliyoungua ni vielelezo vitatu vya somo moja. Na kwa nini fundi asialikwe darasani aeleze anachokiona, kisha wanafunzi wamsaidie kukitia katika namba? Sidhani kama gharama ya jambo hili inazidi gharama ya chaki.

Kwa vijana ambao hamu yao haitatulizwa na makala ya mzee, nina maneno machache. Kwanza, pima kabla ya kuongeza; kipimo cha mchanganyiko ni rahisi kuliko injini. Pili, petroli itangulie hewa: hakikisha pampu na injekta zina akiba ya uwezo kabla hujaiongezea turbo shinikizo. Tatu, gari lililopangwa Nairobi lipimwe tena likifika pwani, na lililopangwa pwani lipimwe likipanda bara. Nne, ukisikia mlio wa kokoto, ondoa mguu papo hapo, usiongeze muziki. Na tano, mwulize anayekurekebishia gari akuonyeshe namba. Akikuambia kwamba yeye husikiliza tu, mshukuru kwa heshima, kisha uende kwingine.

Mpwa wangu sasa anakwenda kazini kwa matatu. Injini nyingine ataipata, inshallah, polepole. Juma lililopita alikuja nyumbani jioni, tukanywa kahawa barazani, naye akaniomba karatasi na kalamu. “Mjomba,” alisema, “nionyeshe ile hesabu ya 14.7.” Tukaifanya pamoja, mstari kwa mstari, hadi jibu likatoka. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, bila lawama katika sauti yake, “Hii ulikuwa unaijua siku ile pale Ngomeni?”

Nilimjibu kwamba nilikuwa naijua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami, kwa pistoni iliyo mezani pangu, naongeza kwamba kunyamaza kwa mwenye kujua si adabu. Walimu wenzangu, tusingoje kuulizwa.